Kihisi hulala, lango halilali

Mjadala kuhusu malango ya sola, yale yanayopokea vipimo vya vihisi visivyo na waya na kuvipeleka kwenye wingu, yaani seva za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, huwa unaanzia kwenye paneli. Mimi ningeuanzia kwenye redio.

Hoja ya watetezi haina ubishi mkubwa. Pale ambapo umeme haufiki, kama kwenye bomba refu la mafuta au kisima cha maji cha mgodi, kuchimba mtaro wa nyaya kwa ajili ya vipimo vichache vya shinikizo na joto ni kutupa fedha. Wazo lenyewe lina umri: MQTT, itifaki (kanuni za vifaa kutumiana ujumbe) ambayo leo hubeba data nyingi za viwandani, ilibuniwa mwaka 1999 kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, wakati kila baiti ilikuwa na bei yake.

Tatizo ni kwamba sifa za kihisi huhamishiwa kimyakimya kwenye lango. Kihisi hudumu miaka kwa betri ndogo kwa sababu karibu muda wote kimelala. Katika mifumo kama LoRaWAN, mtandao wa redio wa masafa marefu unaotumia nishati kidogo, lango halijui kihisi kipi kitatuma saa ngapi, hivyo lazima lisikilize usiku na mchana.

Tuchukue lango linalokula wati 5. Kwa siku ni wati-saa 120. Ukipata saa 4 za jua kamili, na asilimia 30 ya nishati ikapotea njiani, paneli ya wati 43 inatosha kufidia matumizi tu. Ili betri ijae tena baada ya siku za mawingu, ningeweka ya wati 80. Kuvuka siku 4 bila jua kunataka betri ya lithiamu ya volti 12 yenye ampea-saa 50 hivi, au 80 ikiwa ni ya asidi, kwa kuwa hiyo haipendi kushushwa chini ya nusu. Na hesabu hii ifanywe kwa mwezi wenye jua hafifu kuliko yote. Wastani wa mwaka hauwashi kitu wakati wa masika.

Wapinzani hutaja vumbi, wizi na safari za kubadilisha betri. Ni kweli, ila hayo hupangiwa bajeti. Kinachonisumbua zaidi ni wingu. Mtandao ukikatika, lango lisilo na hifadhi yake hupoteza vipimo vya saa zilezile ambazo pengine ndizo hitilafu ilianza. Kufunga vali kwa amri inayotoka kwenye wingu ni uzembe. Kazi hiyo ibaki kwenye kidhibiti kilicho palepale.

Kuna pia kipimo cha mtetemo wa mashine. Ukituma mawimbi yote, modemu inamaliza betri. Ukiyachambua ndani ya lango, prosesa inaimaliza. Kwa viwango vya matangi na joto, vitu vinavyobadilika polepole, naunga mkono sola bila kusita. Kwa mtetemo wa kila dakika, bado.

Ndani ya kiwanda chenye soketi ukutani, paneli juu ya paa ni pambo: chomeka lango, weka betri ya akiba. Anayenunua kwa ajili ya porini amuulize muuzaji wati zinazotumika lango likiwa linasikiliza na kutuma, maana karatasi ya bidhaa huweza kutangaza zile za wakati limetulia.