Tupange foleni kwanza, nyumba tutapanga baadaye

Barua yangu ya kuomba nyumba ina mhuri wa "IMEPOKELEWA", wa wino wa zambarau. Nakala yake bado ninayo, kwenye faili la plastiki, pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto na karatasi nyingine ambazo hata sijui nazitunzia nini. Niliipeleka kwenye ofisi moja ya umma yenye nyumba za kupangisha hapa Kigoma mjini. Ofisi yenyewe siitaji, maana ninalolisema leo haliishii kwake. Dada wa mapokezi alinipokea vizuri, akagonga mhuri, akanirudishia nakala, akasema, "Mwalimu, wewe subiri tu, nafasi ikipatikana utapigiwa."

Nikamuuliza, "Sasa dada, mimi ni wa ngapi?"

Akacheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyeulizwa mvua ya kesho itanyesha saa ngapi na dakika ngapi.

Huu ni mwaka wa nne. Sijapigiwa. Katikati ya miaka hiyo nimeona vitanda na makochi yakishushwa kwenye Fuso mbele ya nyumba za umma ambazo nilijua ziko wazi, kwa sababu napita pale kila asubuhi nikienda kazini. Sisemi waliohamia walipita mlango wa nyuma. Inawezekana waliomba kabla yangu. Inawezekana wana shida kunizidi mara tatu. Kinachonikera ni kwamba mimi sina namna ya kujua, na wao hawana namna ya kunionyesha.

Kiswahili kina utani wake. Neno ni moja: unapanga nyumba, unapanga foleni, unapanga mipango. Mwalimu Nyerere alipozungumzia Mpango wa Pili wa Miaka Mitano mwaka 1969 alisema kupanga ni kuchagua, na hadi leo kauli hiyo hutajwa kila bajeti inapojadiliwa. Sisi huku mwisho wa reli tumeweza jambo la ajabu: watu wanapanga nyumba za umma bila foleni kupangwa. Kuchagua kunafanyika, hilo halina ubishi, ila anayechagua na anachokitazama havijulikani.

Nina rafiki niliyesoma naye, sasa ni muuguzi Leicester, Uingereza. Nilipomlalamikia kwa simu akaniambia kule nako watu wanasubiri nyumba za halmashauri, tena wanasubiri hasa. Kwa England peke yake zimeandikishwa kaya zipatazo milioni 1.3. Lakini kila aliyemo anajua yumo daraja gani na tarehe yake ya kuingia ni ipi. Unajaza fomu, unaleta uthibitisho wa unapoishi, wa kipato, wa watoto, wa ugonjwa kama upo. Unapangiwa daraja kwa uzito wa shida yako. Sheria yao ya nyumba ya mwaka 1996 inawataja wa kufikiriwa kwanza: asiye na makazi, anayeishi kwenye msongamano au nyumba isiyofaa afya, mwenye ugonjwa au ulemavu unaodai nyumba ya namna fulani, na anayelazimika kuhamia eneo fulani ili asipate dhiki zaidi. Kwenye halmashauri nyingi nyumba ikiwa wazi inatangazwa, wenye sifa wanaiomba, na anayeipata ni mwenye daraja la juu na tarehe ya zamani.

Rafiki yangu mwenyewe hayumo. Viza yake ya kazi inamkataza kugusa msaada wa umma, na nyumba hizo zinahesabiwa humo. Kwa hiyo anapanga chumba kwa mtu binafsi, kama mimi. Lakini aliambiwa hapana siku hiyohiyo, na sababu akaijua. Nilimwonea wivu wa hilo "hapana".

Kuna jambo jingine alilolitaja kwa kupita tu, mimi likanikaa. Baadhi ya halmashauri za kule zina kikomo cha kipato na akiba: ukikizidi, hufai kuingia kwenye orodha. Yaani kipato ni dari. Ukigusa dari, toka, waachie wengine. Kwetu kipato ni kizingiti. Usipokivuka, hata sebuleni huingii.

Fikiria milango tuliyonayo. Upo wa Shirika la Nyumba la Taifa, upo wa Wakala wa Majengo, ambao kazi yake ni majengo na nyumba za serikali, upo na wa Watumishi Housing, ulioanzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya watumishi wa umma. Hapa kwetu Shirika lilijenga nyumba Mlole, zikaitwa za gharama nafuu, na ukizitazama ni nyumba za heshima. Lakini ziliuzwa, na kununua nyumba ya makumi ya mamilioni kunataka ama fedha mkononi ama mkopo wa benki, na benki itakuuliza hati ya mshahara kabla haijakuuliza jina. Na nyumba mpya nyingine huongezewa kodi ya ongezeko la thamani. Mwenye mshahara kama mimi anaweza angalau kubisha hodi kwenye milango hiyo. Mama anayeuza samaki wa migebuka Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, hodi yake ataipiga wapi?

Silaumu Shirika kwa hili, na naomba wanaonisoma haraka wasinisome vibaya. Shirika liliundwa mwaka 1962, uhuru ukiwa haujatimiza hata mwaka, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kubomoa vibanda na kujengea watu wa kipato cha chini. Magomeni ya Dar es Salaam ni ushahidi. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha mijini, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika. Miaka yote hiyo kulikuwa na sheria iliyobana kodi za nyumba. Ilifutwa mwaka 2005. Kabla yake kodi ilikuwa ndogo hata haitoshi kupaka rangi. Baada yake Shirika likatakiwa kujiendesha kama mfanyabiashara, bila ruzuku. Ukimwambia mtu ajilishe mwenyewe usishangae akiuza kwa mwenye hela. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikauza nyumba zake nyingi kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo, kisha watumishi wapya wakakuta hamna. Waingereza walitutangulia: sheria yao ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua, zikaondoka karibu nyumba milioni mbili. Kinyozi wangu husema ukiuza mashine, nywele zitaendelea kuota.

Nimemtaja mama wa migebuka, nimalize habari yake. Ni jirani yangu sasa, hapa Gungu, lakini kwake ni Kibirizi. Ziwa Tanganyika lina tundu moja tu la kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo. Mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, maji hayana pa kukimbilia ila kuja kwetu. Yalipoanza kupanda mwaka 2020 na kuendelea, watu wa ufukweni waliona ziwa likibisha mlangoni kwa adabu, kila siku nusu hatua. Nyumba yake ya tofali mbichi ilianza kulainika kwa chini kama mkate kwenye chai. Akaondoka na wajukuu watatu, masufuria, na mlango. Ndiyo, aling'oa mlango, ni wa mninga.

Kupanga chumba kimoja hapa Gungu, choo cha nje, umeme wa kuchangia, aliambiwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Hiyo si shida sana, alisema, samaki akipatikana italipika. Shida ni kwamba mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha tu mlango. Jumla 280,000 kabla hujatandika mkeka. Alikopa kwa wenzake wa soko na bado anakatwa. Chumba ni kimoja, wao wanne, na mlango wa mninga umesimama ukutani kama mgeni aliyekosa kiti.

Mtu huyu, kwa vigezo vya rafiki yangu, ana karibu kila kitu: alipoteza makazi, anaishi kwenye msongamano, ana watoto, na mjukuu mmoja ana pumu. Kwa vigezo vyetu hana hata kimoja, kwa sababu hana hati ya mshahara.

Najua jibu litakalokuja: Mwalimu, orodha ya nini wakati nyumba zenyewe hakuna? Nimelisikia hilo kijiweni mara nyingi. Mimi naona ni kinyume chake. Orodha ndiyo inayoonyesha nyumba ngapi hazipo. Leo ukimuuliza mtu yeyote Manispaa ya Kigoma Ujiji ina kaya ngapi zenye shida ya makazi kama ya yule mama, utapewa hotuba. Kukiwa na daftari, lenye majina, tarehe na daraja la shida, diwani anaweza kusimama kwenye baraza akasema kata yangu wako kadhaa, wa kwanza ameandikishwa tarehe fulani. Hata nyumba kumi zikijengwa, tunajua ni za nani. Bila daftari hata zikijengwa mia tano, zitachukuliwa na waliosikia mapema.

Na tusijifanye hatujui kutengeneza orodha ya namna hiyo. Tunajua. Mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wa kunusuru kaya maskini, tangu mwaka 2012, umepita vijijini na mitaani kwa utaratibu ambao watu wameuzoea: mkutano wa hadhara unaitwa, wananchi wenyewe wanasema maskini wa hapa ni mtu wa namna gani, majina yanatajwa, dodoso linajazwa nyumba kwa nyumba, kisha orodha inarudishwa mkutanoni na kusomwa kwa sauti. Nimehudhuria. Kuna manung'uniko, kuna mjomba anayesukumwa orodhani akiwa na ng'ombe, kuna bibi anayesahaulika kwa kuwa hakuja mkutanoni. Lakini mjomba alisomwa jina mbele ya watu, na mama mmoja akasimama akauliza, "Na wale ng'ombe wa Kalinzi ni wa nani?" Hilo swali ndilo ninalolitaka kwenye nyumba za umma. Orodha ibandikwe ofisi ya mtaa, pale kwenye ubao wenye matangazo ya chanjo. Sihitaji mfumo wa kompyuta. Nahitaji karatasi na gundi.

Ila tukiiga, tuige kwa macho. England, baada ya sheria ya mwaka 2011, halmashauri ziliruhusiwa kujiwekea masharti ya nani anafaa kuandikishwa, na nyingi zikadai uwe umeishi pale miaka kadhaa. Mwaka 2012 orodha ilikuwa na kaya kama milioni 1.85, miaka sita baadaye zilikuwa milioni 1.1. Sehemu kubwa ya waliotoweka hawakupata nyumba. Walifutwa, au walizuiwa mlangoni. Ni njia rahisi ya kupunguza foleni, na inavutia kweli kwa kiongozi anayetaka takwimu nzuri kabla ya uchaguzi.

Hapa Kigoma sharti la namna hiyo lingeuma vibaya zaidi. Sisi ni watu wa mpakani. Mtu akijiita Muha, kabila la hapa, mwenzake wa mkoa mwingine anamtania kuwa ni Mrundi, na utani huo ukifika kwenye dirisha la ofisi unaacha kuchekesha. Wapo wazee waliozaliwa hapahapa Ujiji ambao kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kimewasumbua kwa sababu wametakiwa kuleta karatasi za babu aliyefariki kabla ya uhuru. Ukiweka kitambulisho kuwa hatua ya kwanza ya kuingia kwenye daftari la nyumba, utakuwa umewaondoa walewale uliowakusudia. Mimi ningeanza na barua ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili majirani, karatasi za uraia zikafuata wakati wa kukabidhiwa ufunguo. Wapo watakaosema nimelegeza mno. Sawa.

Na tarehe iheshimiwe. Shida ipewe uzito, lakini wawili wakilingana shida, aliyetangulia atangulie. Kwenye bomba la maji la mtaani kwetu ndoo tupu inashika nafasi ya mwenyewe akiwa nyumbani anapika, na hakuna anayeisogeza. Watoto wa darasa la tatu wanaijua sheria hiyo.

Wiki iliyopita nilimsomea mama wa migebuka haya niliyokuwa nayaandika, tumekaa kibarazani, yeye anachambua dagaa. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo baba, hapo kwenye daftari lako wewe utakuwa wa ngapi?"

Nikahesabu kwa ukweli. Mke, mtoto mmoja, mshahara unaoingia kila mwezi, chumba na sebule, hakuna mgonjwa. Na nina kiwanja Businde, ambako kila nikipata nafasi napeleka matofali ya kuchoma mia mbili. Kwa vigezo nilivyoviandika mwenyewe, sipati. Nikamwambia.

"Basi hayo matofali yaongeze," akasema, akanisogezea ungo wa dagaa nimsaidie kutoa mawe.