Aliyemaliza kwa saa sita naye ni mwanamarathoni?

Wapo wakimbiaji wanaoamka alfajiri miaka nenda miaka rudi ili wapunguze dakika mbili tu kwenye muda wao wa marathoni. Baadhi yao hawataki kabisa kusikia mtu aliyetumia saa sita akijiita mwanamarathoni mwenzao. Hadharani hunyamaza. Husema wakiwa wenyewe kwa wenyewe, wakinyoosha misuli baada ya mazoezi: yule hakukimbia, alitembea akavishwa medali. Nimekaa kwenye mazungumzo hayo mara nyingi, na kwa miaka kadhaa niliafiki. Siku hizi siafiki. Hata hivyo hoja yao ina uzito, na wengi wanaowatetea wakimbiaji wa mwendo wa pole huijibu kwa maneno matamu tu.

Tuanze na hoja yenyewe. Marathoni ni mbio, na mbio zina saa. Kilomita 42.195, umbali uliokimbiwa London mwaka 1908 na kuwa rasmi mwaka 1921, ziliwekwa ili mtu wa hapa na wa kule walinganishwe kwa haki. Ukiiondoa saa, kinachobaki ni safari ndefu ya miguu, jambo jema, lakini jambo jingine. Waandaaji wa marathoni ya Boston, Marekani, walilisema hilo bila kuzunguka mwaka 1970: wakataka kila anayejisajili athibitishe kwamba amefanya mazoezi ya kumwezesha kumaliza chini ya saa nne. Mwaka huohuo mbio za kwanza za New York zilifanyika kwa kuzunguka Central Park. Walijisajili watu 127, wakamaliza 55. Leo wanaomaliza New York kwa siku moja ni zaidi ya 50,000. Mkimbiaji wa zamani akitazama hesabu hiyo anaona neno "marathoni" likipungua uzito, na simlaumu kwa kuona hivyo.

Lakini sehemu ya hoja yao inayonigusa zaidi ni maandalizi. Yupo mtu anayejisajili kwa sababu marafiki wamejisajili. Mazoezi yake marefu kuliko yote ni kilomita 15, kisha siku ya mbio anategemea moyo umfikishe. Huyo anajiweka hatarini, na anawapa kazi wahudumu wa afya ambao huenda wakati huohuo wanahitajika kwingine. Hatari nyingine inamfuata mkimbiaji wa pole hata akiwa amejiandaa. Katika mbio za Boston za mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio, wakakuta asilimia 13 wameshuka kiwango cha sodiamu, madini ya chumvi, mwilini. Tatizo hilo lilionekana zaidi kwa waliokunywa maji mengi kupita kiasi hadi wakaongezeka uzito njiani, na kwa waliokaa barabarani zaidi ya saa nne. Kukaa muda mrefu njiani kunampa mtu nafasi ya kupita kwenye kila kituo cha maji na kunywa kila anapopita. Kwa hiyo anayemwambia mgeni "wewe nenda tu, cha muhimu ni kumaliza" anamdanganya, hata kama anampenda. Ule msemo wa polepole ndio mwendo hausaidii hapa, maana mwili unalipia kila saa inayoongezeka.

Watetezi nao wana mfano wanaoupenda: John Stephen Akhwari wa Tanzania, Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968. Alianguka na kuumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea kuchechemea hadi uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Wakati huo giza lilikuwa limeingia. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, na alipoulizwa kwa nini hakuacha alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile aanze mbio, ilimtuma amalize. Kila nikiikumbuka habari hiyo moyo hunijaa. Ila tuwe wakweli: Akhwari hakuwa mkimbiaji wa pole. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza marathoni akiwa wa tano. Alikuwa mtu wa kasi aliyepatwa na ajali. Kumtumia kama ngao ya mtu ambaye hakufanya mazoezi ni kumkosea Akhwari mwenyewe. Alichotufundisha ni kwamba ipo thamani ndani ya mbio ambayo saa haiioni, na hapo ndipo ninapojenga hoja yangu.

Kwanza hesabu ndogo ya miguu. Hatua ya mkimbiaji wa ngazi ya juu kabisa hukaribia mita mbili, kwa hiyo hadi utepe miguu yake imegusa ardhi mara elfu 22 na ushei. Anayekwenda kwa hatua ya robo tatu ya mita atagusa ardhi zaidi ya mara elfu 56. Najua kila hatua ya mwenye kasi ina kishindo kikubwa zaidi, na kazi ya moyo na mapafu yake hailinganishwi. Lakini anayedhani kwamba wa saa sita amefanya kitu chepesi hajawahi kukaa kwa miguu yake saa sita mfululizo. Wenye kasi huanza asubuhi kukiwa na ubaridi na kumaliza kabla jua halijapanda. Wa nyuma jua la utosi huwakuta bado wana kilomita kumi mbele yao. Watazamaji wameondoka, muziki umezimwa, na barabara inaanza kurudishwa kwa magari.

Niliyaona hayo kwa macho yangu mwaka niliokuwa nimeumia kifundo cha mguu. Sikuweza kukimbia, nikajitolea kugawa maji kwenye kituo cha kilomita ya 38. Wale wa mbele walipita kama upepo. Mkono unachukua kikombe, nusu inamwagika, hawageuki. Baada ya saa nne na nusu tulianza kukunja meza. Ndipo akaja mama mmoja wa makamo, namba yake ya kifuani imeshikwa na pini moja tu na inapepea, chumvi imekauka mashavuni mpaka imeweka mistari myeupe. Hakuomba maji. Alisimama akatutazama kwa mshangao, akauliza, "Jamani, bado mpo?" Nilimpa kikombe. Mikono yake ilikuwa imevimba hata vidole havikunjiki vizuri, akakishika kwa viganja viwili kama mtoto. Nilimuuliza mazoezi yalikuwaje. Akaniambia wiki ishirini, siku nne kwa wiki, anakimbia baada ya kuwalaza watoto. Mimi mwaka ule, kabla ya kuumia, nilikuwa nimeruka mazoezi mengi kuliko yeye.

Swali lake halijanitoka. Mtu amelipa kiingilio kilekile, amejisajili kwa masharti yaleyale, muda wa ukomo haujafika, na bado anashangaa kukuta maji.

Sasa chukua mkimbiaji makini wa kawaida, wa saa 3 na dakika 10. Huo ni muda wa kujivunia. Lakini Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35. Rafiki yetu wa 3:10 yuko nyuma yake kwa takriban dakika 69. Kama dharau ingekuwa halali kwa kipimo cha saa, yeye angeipokea kutoka juu kabla ya kuishusha chini. Kisha kuna umri. Ed Whitlock wa Kanada alikimbia marathoni ya Toronto mwaka 2016, akiwa na miaka 85, kwa saa 3:56:34. Kijana wa miaka 30 mwenye muda huohuo hatajwi popote; kwa mzee yule ulikuwa muda ambao hakuna mtu wa umri wake aliyewahi kuufikia. Saa ni ileile, maana zake mbili.

Ninachokiona ni kwamba watu huchanganya sifa na heshima. Sifa ni ya mshindi, na igawanywe kwa ubahili. Simtaki mtu wa saa sita asifiwe sawasawa na wa saa mbili na nusu, na sijakutana na wa saa sita hata mmoja aliyeiomba sifa hiyo. Heshima hulipwa kwa maandalizi na kwa namna mtu anavyojibeba barabarani. Kwa kipimo hicho mama wa kilomita ya 38 anaistahili yote, na kijana mwenye kipaji aliyekuja bila mazoezi akaacha katikati kwa sababu muda umemponyoka ana deni.

Wa pole nao wana wajibu. Usijipenyeze mbele kwenye mstari wa kuanzia ukijua kasi yako, maana wa nyuma yako watakukanyaga au watakuzunguka na kuanguka. Msitembee wanne mkiwa mmeshikana mikono na kuziba njia. Ukitaka kutembea, sogea pembeni. Na jifunze kunywa kwa kiu.

Kuhusu waandaaji, nina neno kali kidogo. London mwaka 2019, wakimbiaji waliokuwa na mwongoza kasi rasmi, mtu wa kuwaongoza wamalize kwa saa saba na nusu, walikuta vituo vya maji vikifungwa na magari ya usafi yakiwapita. Walieleza pia kwamba walitolewa maneno ya kudhalilisha miili yao. Waandaaji waliomba radhi. Ukitangaza muda wa ukomo, maji yawe mezani mpaka dakika ya mwisho ya muda huo. Kama huwezi, punguza muda, sema mapema, asiyeuweza asijisajili. Hilo nalo ni heshima.

Mbio za Comrades za Afrika Kusini, kilomita takriban 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, zinanionyesha kwamba ukali na heshima vinakaa pamoja. Saa kumi na mbili tangu mbio zianze zikitimia, bunduki inapigwa na mpigaji akiwa ameupa mgongo mstari wa kumalizia, asimwone anayekaribia. Aliyebakiza hatua mbili hapati medali. Hakuna huruma hapo. Lakini dakika chache kabla ya mlio huo watu wamejaa, wanapiga kelele kuwavuta wa mwisho, na miongoni mwao wamo waliomaliza saa tano kabla. Wana medali zao shingoni, miguu inawauma, na hawajaenda nyumbani.