Bodi zisizopigwa nyundo: kubuni upya magari ya kale kwa kuhariri picha

Kuna wapenzi wa magari wanaotumia jioni zao kuchukua picha ya gari la miaka ya 1950, 1960 au 1970 na kulibadilisha bodi kwenye kompyuta. Sedani ya milango minne inageuzwa kuwa ya milango miwili. Gari lililouzwa likiwa na buti linapewa paa refu na mlango wa mizigo nyuma, jingine linakatwa paa na kuwekewa turubai, jingine linafanywa pikapu. Kazi ikifanywa vizuri, mtu asiyejua historia ya gari hilo ataapa kwamba liliwahi kutoka kiwandani hivyo hivyo. Wapo wanaoziona picha hizi kuwa ubunifu halali, na wapo wanaoziona kuwa uongo uliopakwa rangi. Mimi naegemea upande wa kwanza, lakini kwa sharti moja gumu, na nakiri kwamba hoja za upande wa pili ni nzito kuliko watetezi wengi wanavyokubali.

Tukumbuke kwanza kwamba kuchagua bodi hakukuwa ndoto wakati wote. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, tajiri wa Ulaya au Marekani aliyenunua Rolls-Royce, Delahaye au Duesenberg mara nyingi alinunua fremu, injini na magurudumu, kisha akavipeleka kwa fundi bodi amtengenezee umbo alitakalo. Pembezoni mwa Paris kulikuwa na Figoni et Falaschi na Saoutchik. London kulikuwa na H. J. Mulliner na Park Ward. Kilichoumaliza utaratibu huo ni uhandisi. Lancia Lambda ya 1922 na Citroën Traction Avant ya 1934 zilionyesha kwamba bodi yenyewe inaweza kubeba uzito wote bila fremu ya pekee chini yake. Gari likawa jepesi, la chini na imara zaidi, na baada ya vita viwanda vingi vikashika njia hiyo. Tangu hapo, mwenye gari akitaka umbo jingine haombi tena nguo mpya, anaomba mifupa ikatwe. Mtu anayekaa leo mbele ya programu ya kuhariri picha anajirudishia hiari ambayo babu zake walikuwa nayo kama walikuwa na fedha, na anajirudishia bila kuharibu gari la mtu.

Wanaosema kwamba kukata na kubandika hakuwezi kuitwa usanifu wangeitazama Chevrolet Nomad. Mwaka 1954 General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, ilionyesha katika maonyesho yake ya Motorama gari la majaribio, stesheni (gari lenye paa refu na mlango wa mizigo nyuma) ya milango miwili yenye sura ya Corvette, gari lake la michezo. Harley Earl, mkuu wa usanifu wa kampuni, alitaka paa lile liwekwe kwenye Chevrolet ya kawaida ya 1955. Wasanifu wake wakachukua michoro ya paa yenye ukubwa halisi, wakaikata vipande, wakairefusha, wakaiunganisha na sehemu ya chini ya gari jipya. Anachokifanya mhariri wa picha leo ni kilekile, ila mkononi hana mkasi. Nomad ya umbo hilo iliuzwa kuanzia 1955 hadi 1957, na sasa ni miongoni mwa Chevrolet zinazotafutwa sana za miaka hiyo. Lakini wanunuzi wake wa mwanzo walilalamika kwamba mlango wa nyuma, uliolazwa kwa ajili ya uzuri, ulivujisha maji ya mvua. Mstari ulipendeza kwenye karatasi, na karatasi hainyeshewi.

Kuhusu kazi yenyewe, sikubaliani kabisa na wanaoidharau. Photoshop, programu ya kuhariri picha, ilitoka mwaka 1990 kwa juhudi za ndugu wawili, Thomas na John Knoll, na ilipopata tabaka mwaka 1994 iliwezekana kushika paa, kioo, kivuli na rangi kila kimoja peke yake. Hata hivyo, programu haimfichi asiyejua kutazama. Picha ya ubavu, iliyopigwa kamera ikiwa sawa na katikati ya gari, ndiyo nyepesi. Mtihani ni picha inayoonyesha mbele na ubavu kwa pamoja. Hapo mistari yote inakimbilia sehemu moja kwa mbali, tairi za duara zinaonekana kama yai, na mabati yanaakisi anga upande wa juu na lami upande wa chini. Ukirefusha paa bila kurefusha mwakisiko unaopita ubavuni, jicho linakataa, hata kama mwenye jicho hawezi kusema kwa nini. Kioo kipya cha nyuma lazima kionyeshe viti vilivyomo ndani na mandhari iliyo ng'ambo ya gari. Aliyepita katika kazi hii anaijua pembe ya nguzo ya nyuma inayoshika paa la gari alilolihariri kuliko mtu aliyelimiliki miaka kumi. Ni shule, na haimgharimu mtu bati hata moja.

Hapo ndipo wapinzani wanapoingia na hoja yao kubwa: picha inaficha chuma. Mfano wao bora ni Jaguar. Kufuta nguzo ya katikati, ile iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, kwenye picha ya sedani ya Jaguar XJ ni kazi ndogo, na gari linatoka likiwa la kupendeza sana. Jaguar wenyewe walilifanya hilo kwa chuma, wakaliita XJ-C. Walilionyesha 1973, lakini likachelewa kuuzwa hadi 1975, kwa sababu vioo vya milango vilivyokosa nguzo ya kuegemea vilikuwa vikipitisha upepo na kelele. Kila moja lilitoka na paa lililofunikwa vinili (kitambaa cha plastiki), na maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba bila ile nguzo paa lilicheza kiasi cha kupasua rangi. Nguzo moja tu iliyoondolewa, na kampuni kubwa ikahangaika karibu miaka miwili.

Henri Chapron, fundi bodi wa Levallois-Perret pembezoni mwa Paris, alikuwa na bahati zaidi. Citroën DS ya 1955 ilikuwa na mabati ya nje yaliyofungwa kwa bolti juu ya kiunzi, yasiyobeba uzito, kwa hiyo ilimvumilia fundi. Chapron alianza kuikata paa mwishoni mwa miaka ya 1950, na kuanzia 1960 hadi 1971 Citroën ikayauza magari hayo ya turubai rasmi, jumla yake kama 1,365. Hata kwa gari rahisi namna hiyo kiunzi kiliimarishwa na milango ya mbele ikarefushwa. Anayeitazama picha ya DS ya turubai iliyotengenezwa kwa kompyuta haoni hata kimoja kati ya hivyo, na pengine hata aliyeitengeneza hakuvifikiria.

Gari linaloweza kutupimia vizuri pande zote mbili ni Peugeot 504. Afrika Mashariki inaifahamu: Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally mwaka 1975, na stesheni yake yenye safu tatu za viti ilibeba abiria wa Kenya kwa miaka mingi. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina, kampuni ya usanifu wa magari ya Torino, Italia. Sasa tazama vipimo, yaani umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Sedani ya 1968 ina mita 2.74. Ile ya milango miwili na ile ya turubai, zote za 1969, zina mita 2.55. Stesheni ya 1971 ina mita 2.90, na pikapu ya 1979 ina mita 3.00. Jina ni moja, vipimo ni vinne.

Mtu akichukua picha ya sedani ya 504, akafuta mlango wa nyuma na kuurefusha ule wa mbele, atapata gari la milango miwili lenye tumbo refu, lisilo na wepesi wowote. Pininfarina walifupisha sakafu kwa sentimita 19 na kuchora mabati mengine kabisa, hata taa. Gari hilo la milango miwili, likiwa na injini ya V6, ndilo lililompa Jean-Pierre Nicolas ushindi wa Safari mwaka 1978. Stesheni nayo haikupatikana kwa kuongeza paa. Iliongezewa sentimita 16 katikati ya ekseli, na nyuma ikapewa ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili, yenye springi nne, kwa sababu waliijenga wakijua itapakiwa. Ukiziweka picha za hizi nne sambamba utaona kwamba uzuri wa kila moja umetoka kwenye sakafu yake. Kila mhariri wa picha angefaidika kuanzia hapo: kabla hajagusa paa, aamue magurudumu yatakaa wapi, na ajue uamuzi huo unadai nini chini ya bati.

Watetezi wa uhuru kamili watanijibu kwamba picha si mkataba wa ujenzi. Anayechora si lazima ajenge, na studio za viwanda vyenyewe zimejaa michoro ambayo hakuna aliyetarajia iwe gari. Hoja hiyo naikubali kwa picha inayojitangaza kuwa njozi. Lakini picha nyingi za aina hii zinauliza swali mahususi: ingekuwaje kama kiwanda kingetoa 504 ya namna hii mwaka 1972? Aliyeuliza swali la historia amekubali kubanwa na historia. Mabati, vioo, taa na rimu za mwaka huo, umbali wa ekseli ambao kiwanda kilikuwa nao, bei ambayo mnunuzi wa wakati ule angeimudu: hivyo ndivyo vinavyoifanya picha iwe hoja. Hilo ndilo sharti langu. Asiyelitaka anaweza kutengeneza picha nzuri, na mimi nitaifurahia kwa macho, ila haitanifundisha kitu kuhusu gari.

Tatizo la ukweli linanisumbua zaidi kuliko la vipimo. Magari halisi ya ajabu yapo, na yanafanana sana na ya kubuni. Mwaka 1971 Pininfarina walionyesha Riviera, stesheni ya milango miwili iliyotokana na 504 fupi, na haikuwahi kuingia katika uzalishaji. David Brown, mmiliki wa Aston Martin wakati huo, aliagiza gari lake la DB5 lifanywe stesheni ili apate nafasi ya mbwa wake wa kuwinda, na fundi bodi Harold Radford akaishia kutengeneza 12 za namna hiyo. Ford Mustang ya stesheni ilijengwa kweli Italia na kampuni ya Intermeccanica katikati ya miaka ya 1960, lakini Ford haikuichukua. Mtu anayeona picha hizi tatu pamoja na thelathini za kubuni hana njia ya kuzitenga. Madhara yake ni ya pande mbili: la uongo linaaminiwa, na la kweli linatiliwa shaka. Kwa mnunuzi jambo hili ni la fedha, maana thamani ya DS ya turubai inategemea kama ilitoka kwa Chapron au ni sedani iliyokatwa baadaye, na picha ya zamani ni sehemu ya ushahidi.

Akili mnemba imelikuza tatizo hilo. Tangu 2023 Photoshop yenyewe inaweza kujaza sehemu ya picha kwa kuamriwa kwa maneno, na zipo programu zinazotoa gari zima bila picha ya kuanzia. Zinatoa uso wa kupendeza, kisha ukikagua unakuta kitasa kimekaa mahali ambapo hakuna mlango, au kioo ambacho kisingeweza kushuka kwa kuwa tairi iko chini yake. Mhariri wa mkono alilazimika kuamua kila mstari, na ndani ya maamuzi hayo ndimo alimojifunza. Sioni sababu ya kupiga marufuku kitu, lakini kinachopotea hapo ndicho kilichokuwa na thamani kubwa zaidi katika kazi hii. Picha yoyote ya namna hii, ya mkono au ya mashine, inapaswa kuandikwa juu yake yenyewe kwamba ni ya kubuni, kwa herufi zisizokatika mtu akipunguza kingo za picha, na picha ya awali iwekwe kando yake pamoja na jina la mpiga picha. Maelezo ya chini ya picha hayatoshi, kwa sababu picha husafiri na maelezo hubaki.

Je, picha hizi zinayaokoa magari ya kale au zinawatia watu hamu ya kuyakata? Nadhani zinayaokoa zaidi. Mtu akiliona wazo lake limekamilika kwenye skrini, mara nyingi kiu inakwisha, au anagundua kwamba lilikuwa zuri kichwani tu. Kwa gari ambalo bodi yake ndiyo kiunzi, afadhali aishie hapo. Kukata paa la sedani ya 504 iliyosalimika na kutu, bila hesabu ya mhandisi, ni kupoteza gari na kuhatarisha watu watakaolipanda.

Kwa magari ya fremu mambo ni tofauti, na Kenya na Tanzania tunayaona kila siku, maana mabasi mengi yanayosafiri barabarani yamejengwa bodi na mafundi juu ya fremu zilizokuja tupu. Land Rover za Series, yaani matoleo ya zamani ya gari hilo, ni za familia hiyo: fremu ya chuma chini, mabati ya aluminiamu yamefungwa juu yake. Kiwanda chenyewe kiliiuza fremu yenye inchi 109 kati ya ekseli ikiwa pikapu, ikiwa ya turubai na ikiwa stesheni. Kwa gari kama hilo picha iliyohaririwa kwa vipimo sahihi ni hatua ya kwanza ya kazi halisi: mwenye gari na fundi wanakubaliana paa liishie wapi na mlango wa nyuma ufunguke vipi, na makosa yanafutwa kabla bati halijanunuliwa.