Msichana ashike kalamu, mvulana aongee?

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alikuja kunitembelea Igoma. Yuko mwaka wa kwanza, anasoma uhasibu, na amepanga chumba Nyegezi. Sato akiwa jikoni anachemka, nikafungua daftari lake. Vichwa vya mada kwa kalamu nyekundu, kanuni ndani ya visanduku vya kijani, na swali la uchakavu wa gari limekokotolewa kwa njia mbili, mstari kwa mstari. Nikamuuliza nani aliwaelekeza wenzake swali lile kwenye diskasheni.

"Kaka mmoja hivi, dada. Mimi niliandika tu."

Ukurasa ule kundi zima walikuwa wameshaupiga picha kwa simu.

"Niliandika tu" naijua vizuri. Miaka yangu mitatu ya chuo, hapahapa Mwanza, nilikuwa katibu wa kila kundi nililopangiwa, na sikumbuki hata mara moja kuulizwa kama nataka. Wavulana wawili wanabishana, mmoja anasimama ubaoni, sisi tumeinamia daftari. Siku ya prezentesheni anasimama yuleyule. Madesa yangu yalitolewa kopi mpaka wino ukafifia, lakini mimi nilimaliza chuo sijawahi kutetea jibu langu mbele ya watu.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia kwamba wasichana wanakariri na wavulana wanaelewa. Anayeeleza jambo kwa mdomo huligundua tundu la uelewa wake palepale, akalirekebisha. Anayeandika tu hana nafasi hiyo. Ukimpa mmoja mazoezi ya kueleza kwa miaka mitatu na mwenzake ukamnyima, usishangae mmoja akitoka ana ujasiri na mwingine hana.

Halafu kuna mlango wa ofisi ya mhadhiri. Mvulana ambaye hakuelewa anabisha hodi, anauliza, anatoka. Msichana anatafuta kwanza mwenzake wa kumsindikiza, na akikosa anaahirisha, wiki inapita, mtihani unafika na swali bado analo. Anaogopa mawili: yanayoweza kumkuta mle ndani, na yatakayosemwa akitoka. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Sheria ipo, na hofu ipo. Akipata A, wapo watakaouliza ameipataje. Mvulana mwenye A hupewa mkono wa pongezi.

Usiku nao ni vilevile. Laibrari iko wazi kwa wote, lakini ikigonga saa mbili msichana anaanza kufikiria njia ya kurudi chumbani.

Kanda hii ya ziwa inapaswa kulijua hili zamani. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliweka sharti kwamba anayemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Sharti lilikuwa moja kwa wote. Wasichana waliofika chuoni wakapungua, na ikabidi wao walegezewe. Mzigo mmoja haukuwa na uzito mmoja kwa kila bega.

Wapo wavulana wanaoandika vizuri sana, na wasichana wanaoongoza diskasheni bila wasiwasi, nimesoma nao. Lakini mhadhiri anayegawa makundi anaweza kuamua ukatibu uzunguke, na aliyeandika wiki hii wiki ijayo asimame ubaoni. Anaweza pia kupokea maswali ukumbini baada ya kipindi, mbele ya macho ya watu, badala ya ofisini peke yake. Haya hayahitaji bajeti.

Tulikula, nikamsindikiza mdogo wangu mpaka kituo cha daladala. Njiani akaniuliza, "Nikikwama katikati je, dada?" Nikamwambia awaombe wenzake wamsaidie pale alipokwama, kama wanavyofanya wale kaka. Jumatano wana diskasheni tena. Amesema kalamu za rangi ataziacha chumbani, na swali la kwanza atalieleza yeye.