Mkiachana nyie, watoto msiwaache

Ndoa ikivunjika mtaani utasikia sababu ni mchepuko, au simu, au mawifi. Sikatai, hayo yapo na yanaumiza sana, ila kwa ninavyoona mimi ndoa nyingi za hapa kwetu Dar zinakuwa zimeshaanza kufa mapema kwenye hela. Na siongelei umaskini, kuna watu hawana kitu na wanaishi vizuri tu, naongelea mke na mume kufichana. Mshahara wa baba hakuna anayeujua. Mama nae kachukua mkopo wa kausha damu kimya kimya kwa sababu hela ya matumizi anayoachiwa haitoshi na akiomba iongezwe ni ugomvi, basi anakopa huku analipa kule, anakopa kule analipa huku, mpaka siku watu wa mkopo wanakuja kubeba tivii na friji ndio mume anajua. Hapo hamna tena mazungumzo. Mume anaona kadhalilishwa mbele ya majirani, mke anaona angekuwa anapewa ya kutosha asingefika huko, ndugu wanaingia kila mmoja anamtetea wa kwao, imeisha hiyo.

Au inakuwa hivi, mwanaume kanunua kiwanja Chanika kaandikisha jina la kaka yake, mke anakuja kusikia kwa watu. Akiuliza anaambiwa anataka kumrithi mtu angali hai. Kuanzia siku hiyo huyo mwanamke anaishi pale ila moyo umeshahama, na yeye anaanza kuweka vyake kwenye kikoba bila kusema, kila mmoja anajiandaa kwa siku ya kuachana wakati bado wanalala kitanda kimoja. Mchepuko ukija kutokea baadae ndio unapewa kesi yote.

Kuna jambo niseme mapema nisije kueleweka vibaya. Simwambii mtu avumilie kipigo kwa ajili ya watoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hata kama mila zinasemaje hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Kama unapigwa ondoka, watoto wanaoshuhudia mama yao anapigwa kila wiki hawalelewi hapo. Ninachotaka kusema mimi ni kile kinachofuata baada ya kuondoka.

Nilimsindikiza dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, kwenye baraza la usuluhishi la kata, maana kwa kawaida huwezi kwenda mahakamani kudai talaka kabla hamjapita baraza likashindwa kuwapatanisha. Wazee wamekaa kwenye benchi, wakamwambia mume haya baba anza wewe, akaongea, dada akaongea, wakajaribu kuwarudisha pamoja ikashindikana. Ikaja habari ya vitu. Jamani vile vitu vilijadiliwa! Jiko la gesi na mtungi wake nani alinunua, kabati lilitoka kwenye sendofu au alinunua mume, bati zilizobaki ziko kwa nani, mpaka ndoo. Muda mrefu mno umepita ndio mzee mmoja akauliza, na nyie watoto mmewapangaje? Kimya. Halafu shemeji akasema wakae na mama yao, mi nitakuwa natuma. Hakuna aliyeuliza shilingi ngapi, hakuna aliyeuliza lini, ikaandikwa hivyo hivyo watu wakanyanyuka. Watoto watatu walipata sentensi moja na ndoo ilijadiliwa mpaka watu wakapandishiana sauti, hilo mpaka leo linaniuma.

Na kilichofuata ni kile kile unachokijua wewe unayesoma. Hela ilikuja mwanzoni, ikapungua, ikakata. Sababu? Kasikia dada ana mtu mwingine, kwa hiyo yeye hawezi kumlisha bwana wa mtu. Dada nae kwa hasira akasema kama hatumi basi na watoto hatawaona. Hapo ndipo mtoto anapogeuzwa fimbo, huyu anamchapa yule na yule anamchapa huyu, na fimbo ndio inayovunjika.

Yule mkubwa wao yupo darasa la 6. Yeye ndio mjumbe. Mama anampa simu, mpigie baba yako mwambie daftari zimeisha na hela ya mtihani inatakiwa. Nilimuona anatoka nje kwenye kibaraza, anapiga, inaita mpaka inakata, anapiga tena, inakata. Akarudi ndani akasema, amesema atatuma. Hakuna aliyeongea nae, mimi nilikuwa nimekaa pale pale nimeona. Mtoto wa umri ule anamdanganya mama yake ili baba asitukanwe. Mnajua uzito wa kitu kama hicho kwenye kifua cha mtoto? Mwalimu anaona amepoa darasani na maksi zimeshuka, anadhani uvivu.

Wengine hali ni mbaya zaidi, wanagawanywa, mmoja kwa bibi Korogwe, mwingine kwa shangazi ambako anageuka dada wa kazi, mdogo anabaki na mama, ndugu wa tumbo moja wanakuja kuonana kwenye misiba.

Halafu kuna maneno ya mtaani yanazidisha ugomvi. Eti mtoto akifika miaka 7 ni wa baba. Sio kweli. Sheria inasema mtoto chini ya miaka 7 inachukuliwa ni vizuri akae na mama, ila hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi, na baada ya hapo hamna sehemu imeandikwa ahamishiwe kwa baba, mahakama inaangalia kwanza maslahi ya mtoto. Na lile la kusema mtoto hayupo kwangu kwa hiyo sitoi hela, kifungu cha 129 cha hiyo hiyo Sheria ya Ndoa kimelimaliza, baba ana wajibu wa kuwatunza wanae wawe wanakaa kwake au kwa mtu mwingine yeyote. Mama kuwa na bwana mwingine hakujatajwa pale. Tena kudai matunzo huhitaji uwe na talaka kwanza, hata ambao hawakufunga ndoa wanadai.

Kwa wanaume wanaosema yule alikuwa anakaa tu nyumbani hana chake, mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilishasema kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Mwenyewe Bi Hawa hakushinda rufaa yake lakini msingi ule ulibaki na unatumika mpaka leo. Kwa hiyo kuficha kiwanja kwa jina la kaka hakukuokoi sana, unachopata ni kesi ndefu na wanao kukua wakijua baba aliwaficha.

Mkiona kurudiana haiwezekani, kabla hamjanyanyuka pale kata ombeni iandikwe kabisa, na muanze na watoto ndio mje kwenye makabati. Ni shilingi ngapi kwa mwezi, tarehe ngapi, inaingia namba ipi ya simu, ada nani analipa, mtoto akiumwa usiku nani anatoa hela ya hospitali, likizo anaenda kwa nani na nauli ya nani, baba anaongea nao siku gani bila kupitia ugomvi wa mama. Wekeni sahihi na mashahidi wa pande zote mbili, kila mtu abaki na nakala yake. Mmoja akija kukaidi unaenda na karatasi hiyo ustawi wa jamii au mahakamani kuomba amri ya matunzo, mnaongelea mtoto, sio kuanza upya nani alimkosea nani. Na simu ya kudai hela mpige wenyewe watu wazima, sio mtoto.