Vitamini Haimwachishi Mtu Pombe. Basi ya Nini?

Mwenye ndugu mlevi hakosi kutumiwa tangazo lile. Kopo la vidonge, majani mabichi pembeni, na ahadi kwamba utamtilia kwenye chai bila yeye kujua, naye ataichukia chupa. Bei haiandikwi, unaambiwa upige simu. Madaktari wanaoyapigia kelele matangazo haya wako sahihi, nami nawaunga mkono. Nagombana nao mahali pamoja tu: kelele zile zimewafikisha watu kuamini kwamba vitamini kwa mlevi ni utapeli mtupu, na vitamini B1, yaani thiamini, ikatupwa kapu moja na vidonge vya kutilia kwenye chai.

Shaka yao ina mizizi. Katika miaka ya 1960 Bill Wilson, mmoja wa waasisi wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, alikolewa na niasini, yaani vitamini B3. Yeye mwenyewe alimeza gramu 3 kwa siku, akawagawia wenzake 30 wa chama. Kwa simulizi ya Abram Hoffer, daktari wa Kanada aliyemtia moyo, 10 walipata nafuu mwezi wa kwanza, 10 mwezi wa pili, na 10 hawakuona kitu. Hesabu imenyooka mno. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, na kilichotazamwa zaidi ni unyonge na wasiwasi wa watu waliokuwa wameshaiacha chupa. Kabla yake Roger Williams wa Chuo Kikuu cha Texas alikuwa amefundisha kwamba tamaa ya pombe ni njaa ya virutubisho, akaipigia debe glutamini, kimojawapo cha viungo vya protini. Ahadi zote mbili hazikuthibitika. (Kaka yake Roger, Robert Williams, ndiye aliyefaulu kuitengeneza thiamini maabara mwaka 1936. Nyumba moja, bahati mbili.)

Niongeze upande wao, kwa sababu ni mzito. Kiu ya pombe ina dawa zilizopimwa vizuri zaidi: naltreksoni na akamprosati ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2023. Mlevi wa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kushikwa na kifafa, akaweweseka, akafa. Hapo kinachohitajika ni diazepamu, dawa ya kutuliza, na mtu wa kumwangalia, si kopo la virutubisho na mlango uliofungwa kwa nje. Halafu vitamini nyingine zina meno. Vitamini A kwa wingi juu ya pombe inaliumiza ini, na niasini ya kipimo kikubwa vilevile.

Mpaka hapo tuko pamoja. Tunaachana kwenye swali lenyewe. Wao huuliza: je, vitamini itamfanya aache? Jibu ni hapana, na faili linafungwa. Lakini thiamini haijawahi kuletwa kwa kazi hiyo.

Mwili wa mtu mzima una akiba ya thiamini ya miligramu 30 hivi, na bila chakula akiba hiyo haipiti wiki chache. Ubongo unaihitaji ili uweze kuitumia sukari. Pombe inazuia utumbo usiifyonze, inalidhoofisha ini linaloihifadhi, na inapunguza madini ya magnesi ambayo thiamini haiwezi kufanya kazi bila nayo. Juu ya hayo, mlevi hali. Mnywaji wa mbege au busaa angalau anakunywa nafaka, na pombe hizo nzito zina vitamini B zake. Gongo, au chang'aa ukiwa upande wa pili wa mpaka, Kenya, imepita kwenye mvuke: ina nguvu ya kumshibisha mtu uongo, vitamini hakuna hata chembe.

Akiba ikiisha, sehemu za ndani kabisa za ubongo zinaanza kufa. Carl Wernicke, daktari Mjerumani, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1881. Kitabuni dalili zake ni tatu: macho yasiyotulia au yasiyogeuka, miguu inayoyumba, na akili iliyochanganyikiwa. Sasa msimamishe mtu huyo mlangoni pa zahanati saa nne usiku, ananuka pombe. Nani atasema ana upungufu wa vitamini?

Huko Perth, Australia, madaktari waliochunguza maiti walichapisha mwaka 1986 wagonjwa 131 ambao ubongo wao ulionyesha wazi ugonjwa wa Wernicke. Waliotambuliwa wakiwa hai walikuwa 26. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Watu 105 walikuwa na ugonjwa ambao sindano ya bei ndogo ingeweza kuwasaidia, na hakuna aliyeliandika jina lake. Haikuwa kwa uzembe tu: wenye dalili zote tatu kwa pamoja walikuwa asilimia 16, wengine hawakuonyesha hata moja. Na Perth ni mji wa nchi tajiri, wenye hospitali kubwa na wataalamu wa kuupasua ubongo na kuutazama kwa hadubini. Kwetu maiti ya mlevi huzikwa kesho yake, na sababu ya kifo kila mtu mtaani anaijua: pombe.

Anayesalimika mara nyingi hubaki na kile kilichopewa jina la Korsakoff, daktari wa Urusi. Kumbukumbu mpya hazishiki. Mtu anasimulia safari ya jana ambayo hakuisafiri, tena kwa utulivu, kwa sababu ubongo unajaza mapengo wenyewe. Nyumbani anaitwa mwongo. Hapa ndipo vitamini inapogusa tiba ya ulevi, na hapa ndipo naona wapinzani hawajatazama vizuri. Nyumba za upataji nafuu, ushauri nasaha, vikundi vya kusimuliana, dua za wazee: vyote vinamtegemea mtu anayeweza kukumbuka leo alichoahidi jana. Tunamwita mkaidi, tunamrudisha kundini mara ya nne, kumbe sehemu inayoshika ahadi imeshakufa.

Watasema ushahidi ni mwembamba. Kweli. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikuta jaribio moja tu lenye takwimu za kutosha kuchambuliwa, la watu 107, na jaribio la Alice Springs, Australia, lililochapishwa 2022 halikuona tofauti kati ya vipimo vikubwa na vidogo. Lakini majaribio hayo yanauliza kiasi gani kitolewe. Kumnyima thiamini kabisa mtu anayeshukiwa kuwa na Wernicke, ili tuone itakuwaje, hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu.

Jambo moja linawapa wao alama, na kulificha si haki. Utumbo wa mlevi aliyedhoofu hufyonza kidogo sana, kwa hiyo vidonge vya dukani havimtoshi aliyefika mbali. Mwongozo wa mwaka 2010 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka mgonjwa wa namna hiyo achomwe sindano kwanza, vidonge vifuate. Na mlevi akiletwa amezimia, sukari imeshuka, dripu ya glukosi isicheleweshwe, ila thiamini iende nayo: glukosi peke yake inaweza kumaliza hata kile kidogo kilichobaki.

Mwaka 1978 watafiti wawili Wamarekani walipendekeza thiamini itiwe kwenye pombe yenyewe. Kupinga ni rahisi, na nawaelewa waliopinga. Bia yenye vitamini ingekuwa na bango lake barabarani kabla ya mwezi kuisha. Australia ilichagua unga wa mkate, ikalazimisha kuanzia 1991, na wagonjwa wakapungua. Kenya tangu 2012 inadai unga wa mahindi na ngano unaofungashwa uongezwe virutubishi, thiamini ikiwamo. Anayekula dona anayo kutoka kwenye punje. Katikati yao yuko anayekula sembe iliyokobolewa kwenye kinu cha mtaani, isiyo na kiini wala nyongeza ya kiwandani.

Na mnywaji wa gongo aliyefikia kuzimua kila alfajiri hali hata huo ugali. Kwake imebaki sindano, nayo haitolewi mpaka mtu wa zamu ashuku kwamba kuyumba kule huenda si pombe peke yake.