Kadi ya makumbusho Uholanzi: yuro 75 zinarudi lini?

Kila Septemba wanafunzi wapya kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Kigali na kwingineko wanapofika Delft, Den Haag, Wageningen na Enschede, wenyeji wao huwapa ushauri uleule: fungua akaunti ya benki, tafuta baiskeli ya mtumba, nunua Museumkaart, yaani kadi ya kuingilia makumbusho bila kulipa tiketi kila mara. La baiskeli halina ubishi. La kadi ndilo ninalotaka tulipime, maana nimeona watu wawili wakinunua kadi hiyohiyo kwa bei hiyohiyo, mmoja akafaidi mwaka mzima, mwingine akaitumia mara mbili ikaishia kwenye droo.

Kadi yenyewe haina mafumbo. Ilianza mwaka 1981, ni ya mtu mmoja, inadumu mwaka mmoja, na inakubaliwa na makumbusho zaidi ya 400 nchi nzima. Mwaka 2024 bei ya mtu mzima ilifika yuro 75. Kabla ya hapo ilikuwa chini ya 65. Vijana wa hadi miaka 18 wana kadi yao ya bei ya chini, ila mwanafunzi wa chuo aliyekwisha kupita umri huo analipa kama mtu mzima.

Wanaoisifia huanza na hesabu ya Amsterdam. Kwa bei za 2024, Rijksmuseum ilikuwa yuro 22.50, Makumbusho ya Van Gogh 22, Stedelijk 22.50, na nyumba aliyojificha Anne Frank, msichana Myahudi aliyeandika shajara wakati wa vita, 16. Jumla ni yuro 83. Kwa hiyo ukiingia sehemu nne tu, kadi imekwisha kurudisha fedha yako, na miezi iliyobaki ni ya bure. Hesabu hii ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba inamchukulia kila mnunuzi kuwa ni mtu ambaye angelipia hizo tiketi nne hata kama kadi isingekuwepo. Wengi wetu tusingezilipia. Mwanafunzi anayepima bei ya nyanya kabla ya kuiweka kwenye kikapu angekwenda Rijksmuseum mara moja, apige picha mbele ya mchoro mkubwa wa Rembrandt, basi. Mtu huyo, kwa kadi, ametumia yuro 75 badala ya 22.50. Hajaokoa kitu.

Hata hivyo, mimi ni miongoni mwa wanaoitetea, na sababu yangu haimo katika hesabu hiyo ya tiketi nne. Tiketi ya yuro 22 inakufanya uwe na pupa. Umelipa, kwa hiyo unataka kumaliza vyumba vyote; saa ya tatu miguu inauma, macho yamechoka, na huwezi tena kutofautisha mchoro mmoja na mwingine. Kadi inaondoa pupa hiyo.

Nilipokuwa Den Haag nilikuwa napitia Mauritshuis, makumbusho ya michoro, jioni baada ya darasa, imebaki kama saa moja wafunge. Nilikuwa napanda moja kwa moja hadi kwa chiriku wa Carel Fabritius. Ni mchoro mdogo, urefu wake hauzidi sana rula ya shule, umechorwa mwaka 1654. Ndege amesimama kwenye kijiti mbele ya ukuta mweupe. Mara ya kwanza unaona ndege tu. Mara ya tatu au ya nne ndipo macho yanapoukamata mnyororo, mwembamba kama uzi, umefungwa mguuni. Ukisogea karibu, bawa lake si manyoya kabisa, ni michirizi michache ya rangi ya manjano iliyopigwa haraka. Mchoraji alikufa mwaka uleule, ghala la baruti lilipolipuka mjini Delft. Nilikuwa nakaa na ndege huyo dakika ishirini, kisha nashuka kwenda zangu kupika. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayelipa tiketi nzima kwa dakika ishirini za ndege mmoja. Mwenye kadi anaweza, na kwangu hapo ndipo faida yake ilipo.

Faida hiyo, lakini, ina sharti: uwe unaishi karibu. Mtu wa Enschede anasafiri kwa treni kama saa mbili kufika Amsterdam, na nauli ya kwenda na kurudi bila punguzo inapita bei ya tiketi yoyote ya makumbusho. Kwake kinachoamua ni nauli. Kuna pia gharama ambazo kadi haizigusi. Kröller-Müller, yenye hazina kubwa ya kazi za Van Gogh, imo ndani ya hifadhi ya Hoge Veluwe. Kadi inakuingiza kwenye makumbusho, lakini lango la hifadhi unalipia mwenyewe. Maonyesho maalumu nayo yanaweza kuwa na nyongeza. Bustani ya maua ya Keukenhof na jumba la sanamu za nta la Madame Tussauds hazimo kabisa, ingawa wageni wengi huzitaja kwa pumzi moja na makumbusho.

Tena kadi si ruhusa ya kuingia saa yoyote. Kwa Van Gogh lazima uchague muda mtandaoni hata kama hulipi. Kwa Anne Frank tiketi hutolewa kila Jumanne kwa ajili ya ziara za wiki sita mbele, na huisha haraka. Ukichelewa, kadi haikusaidii.

Mwaka jana shemeji alikuja na watoto wawili kwa siku nne. Akaniuliza, “Shemeji, hii kadi kila mtu anaisifia, ninunue tatu?” Tukakaa mezani jikoni na karatasi. Watoto walifutika kwanza: Rijksmuseum, Van Gogh na Mauritshuis haziwatozi walio chini ya miaka 18. Akabaki yeye. Asiye na anwani ya Uholanzi hupata kadi ya muda tu, inayodumu siku 31 na kuruhusu ziara tano, kwa bei ileile ya mwaka. Ingemlipa kama angeingia sehemu nne au tano za bei ghali. Kwa siku nne, na watoto wanaotaka kuona mashua na kula chipsi? Tukaona haiwezekani. Akalipia tiketi mbili.

Suala hili la anwani linanigusa, kwa sababu nimelelewa katika utaratibu mwingine. Kwetu, langoni unaulizwa uraia: Fort Jesus ya Mombasa ina bei ya raia, ya mkazi na ya mgeni. Uholanzi bei ya tiketi haijali pasipoti, na kadi inauliza tu unaishi wapi. Mwanafunzi Mtanzania aliyejiandikisha manispaa anapata kadi sawa na mstaafu Mholanzi aliyezaliwa mtaa uleule. Naona ni haki, na ni moja ya nafasi chache ambapo mgeni hapa hahesabiwi kuwa mgeni.

Wapo wanaosema kadi inawanufaisha wale ambao tayari wanapenda makumbusho, na kwamba haki ingekuwa kufungua milango kwa wote, kama Uingereza ilivyofanya kwa makumbusho yake ya taifa mwaka 2001. Hoja hiyo ina uzito, maana yuro 75 kwa mkupuo ni fedha nyingi kwa msafisha ofisi. Lakini kila ukipitisha kadi mlangoni, makumbusho husika hulipwa sehemu ya bei ya tiketi yake. Ukiingia Teylers ya Haarlem, iliyofunguliwa mwaka 1784, au jumba dogo la mji usio na watalii, fedha inawafikia na wao.

Kwa hiyo ninawajibu hivi wanaoniuliza: kama umeandikishwa manispaa, na kuna makumbusho unayoyafikia kwa miguu au baiskeli, nunua wiki ya kwanza, ujue tu kwamba mwaka unaanza kuhesabiwa siku hiyo. Kama unaishi mbali na huna punguzo la treni, subiri. Kama unakuja kutembea, chukua karatasi na kalamu kwanza.

Shemeji, siku yake ya mwisho, nilimpeleka Leiden na watoto. Katika ukumbi wa kuingilia wa makumbusho ya mambo ya kale limesimama hekalu zima la mawe kutoka Taffeh, Nubia. Misri ililitoa zawadi mwaka 1969 kwa kuwa Uholanzi ilisaidia kuokoa majengo yaliyokuwa yanamezwa na maji ya bwawa la Aswan, ikaweka sharti kwamba watu walione bila kulipa. Tulikaa mbele yake hadi mdogo aliposhikwa na usingizi.